Usiing'oe Sakafu ya Mbao: Itengeneze

Wakulima wengi katika skimu za makazi wanaishi katika nyumba ambazo hawakuzijenga wao. Skimu hizo zilipoanza mwaka wa 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, na katika miaka iliyofuata jamaa zipatazo 35,000 zilipata makao katika ekari zaidi ya 1,000,000. Pamoja na mashamba zilikuja nyumba za wenyewe wa zamani. Nyingine zilifanywa shule au ofisi za vyama vya ushirika. Nyingine, hasa baada ya viwanja vya ekari 100 kuanza kutengwa kuzizunguka mwaka wa 1964, zilibaki kuwa nyumba za wakulima. Kutoka Kinangop na Ol Kalou hata Sotik, Lugari na Trans Nzoia, utaziona mpaka leo: kuta za mawe, bati lililoshika kutu, na ndani yake sakafu ya mbao.

Sakafu hiyo ndiyo habari yetu ya mwezi huu. Imekanyagwa kwa miaka mingi na viatu vya shamba. Vitanda na magunia ya viazi vimekokotwa juu yake, mahindi yamepurwa juu yake, na mvua imeidondokea kutoka katika bati lililotoboka. Sasa ina mikwaruzo, ina madoa meusi, na pengine ubao mmoja unatitia ukiukanyaga. Watu wengi wakiona hivyo husema, "Tung'oe mbao, tumwage saruji." Kabla hujashika mtaimbo, ndugu mkulima, soma habari hii mpaka mwisho.

KWA NINI ISING'OLEWE

Mbao za sakafu hizo zilipasuliwa kutoka katika miti mikubwa ya kiasili. Ukiona ubao mzito, mgumu, wenye michirizi ya rangi nyeusi, huenda ni musharagi. Ule wa rangi ya kahawia iliyokolea huenda ni mvule. Ubao mwekundu unaonukia kama penseli ukikwanguliwa ni mutarakwa, na ule mweupe wenye rangi ya manjano, ambao ni laini zaidi, ni podo. Miti ya namna hiyo huchukua miaka mingi sana kukua, nayo haikatwi tena ovyo. Mwezi wa Februari mwaka wa 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa sababu misitu na chemchemi zilikuwa zikiharibika. Ukizichoma mbao zako kama kuni leo, usidhani utapata nyingine kama hizo kesho.

Tena, kumwaga saruji juu ya mbao zilizokwisha kuoza si dawa. Saruji mbichi hulowesha mbao, unyevu hufungiwa chini, na mchwa hupata chakula wasichoonekana wakikila. Baada ya muda saruji yenyewe hupasuka, kwa kuwa kilichoibeba kimelika.

UBAO SI SARUJI

Yafaa kwanza kujua kinachoharibu sakafu. Ubao hunywa maji na kuyatoa hata baada ya kukaa ndani ya nyumba miaka 60. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea. Kwa hiyo mtu anayemwaga ndoo ya maji na kusugua kwa ufagio, kama afanyavyo kwa sakafu ya saruji, anaiharibu sakafu kila Jumamosi ingawa anadhani anaisafisha. Maji hupenya katika viungo, kingo za ubao huinuka na katikati hubonyea, misumari hulegea, na mwishowe kuvu huingia.

Adui wa pili ni mchanga. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko ubao wo wote, na kila hatua ya kiatu chenye mchanga ni kama kupiga msasa mahali pamoja. Adui wa tatu ni hewa iliyofungiwa. Nyumba hizi zilijengwa juu ya msingi wenye matundu ya hewa, ili upepo upite chini ya sakafu. Katika nyumba nyingi matundu hayo yamezibwa kwa udongo, kwa majani, au kwa mawe yaliyowekwa kuwazuia panya. Yasipofunguliwa, hewa ya chini huwa na unyevu daima, na boriti zinazobeba sakafu huoza bila wewe kujua.

KWANZA CHUNGUZA CHINI

Usianze kung'arisha juu kabla ya kujua hali ya chini. Toka nje, uizunguke nyumba, ufungue matundu yote ya hewa. Badala ya mawe, weka wavu wa waya wenye matundu madogo. Hewa itapita na panya watazuiliwa. Angalia kama maji ya mvua yanatiririka kuelekea ukutani. Yakiwa hivyo, chimba mfereji wa kuyapeleka mbali, na utengeneze gata na bati lililotoboka.

Kisha angalia msingi. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni njia za mchwa. Vibomoe, na urudi baada ya siku chache. Vikijengwa upya, mchwa wangali hai, na ni lazima washughulikiwe kwanza. Mtafute fundi wa kuua wadudu anayejua kazi yake, kwa maana dawa za mchwa ni sumu na hazifai kunyunyizwa ovyo ndani ya nyumba wanamolala watoto. Ondoa kuni, mbao kuukuu na takataka zote zilizo chini ya sakafu.

Sasa ingia ndani na bisibisi au kisu. Dunga ubao karibu na kuta, chini ya madirisha, na mahali po pote panapotitia. Ubao mzima hukataa ncha. Uliooza huipokea kama keki. Ukiona matundu madogo yenye unga mpya laini, ni kazi ya bungua. Weka alama ya chaki kila mahali pabaya. Ikiwa boriti yenyewe imeoza, mwite fundi seremala. Usikubali watu waendelee kupita hapo, kwa sababu mguu unaozama katika sakafu mbovu huvunjika, au huchomwa na msumari wenye kutu, na jeraha la namna hiyo laweza kuleta pepopunda.

VIFAA

Hutahitaji vitu vingi. Tafuta msasa namba 60, 80, 120 na 220, kipande cha mbao cha kuzungushia msasa, nyundo, patasi, msumeno na keekee, gundi ya mbao, nta ya nyuki, tapentaini, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Vumbi la mbao ngumu hudhuru mapafu na pua, kwa hiyo usidharau kitambaa, na kama waweza kununua barakoa ya vumbi, ni bora zaidi. Wakati ufaao kwa kazi hii ni Januari na Februari, mvua ikiwa imekatika na mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Katika miezi ya mvua ubao haukauki barabara.

MIKWARUZO NA MABONYEO

Pitisha ukucha wako juu ya mkwaruzo. Usiponasa, mkwaruzo uko katika nta au vanishi tu, wala haujaufikia ubao. Safisha mahali hapo, paka nta kidogo kwa kitambaa, usugue mpaka pang'ae. Kazi imekwisha.

Ukucha ukinasa, ubao wenyewe umekatwa. Piga msasa namba 80, kisha 120, ukifuata nyuzi za ubao. Usipige kwa kukatiza nyuzi, wala usizungushe mkono, maana utaongeza mikwaruzo mingine ambayo itaonekana zaidi vanishi ikipakwa. Mkwaruzo mwembamba ulioingia sana waweza kujazwa. Chukua unga wa mbao uliotoka katika ubao ule ule, uchanganye na gundi mpaka uwe kama ugali mwepesi, ujaze, uache kukauka usiku mmoja, ndipo usawazishe kwa msasa.

Mahali palipobonyea kwa kuangukiwa na kitu kizito, ambapo nyuzi zimekandamizwa lakini hazikukatika, hakuhitaji kujazwa. Kwangua kwanza nta au vanishi ya mahali hapo. Weka kitambaa safi chenye maji kidogo juu yake, kisha bonyeza kwa pasi ya moto kwa nukta chache na uinue. Mvuke huingia katika nyuzi, nazo huvimba na kurudi juu. Rudia mara tatu au nne, uangalie kila mara, usije ukauunguza ubao. Pasi ya makaa yafaa sawa na ya umeme, mradi isidondoshe majivu.

MADOA NA ALAMA ZA MOTO

Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha chai ni unyevu ulioingia katika nta. Chekecha majivu laini, uyachanganye na mafuta ya kula kidogo, usugue polepole kwa kitambaa mpaka duara lififie, kisha ufute na kupaka nta.

Doa jeusi kuzunguka msumari hutokea maji yanapoukutanisha utomvu wa ubao na chuma. Doa hilo halidhoofishi ubao. Lipige msasa; likiwa limeingia sana, liache, kwa maana kulifuata mpaka lishe ni kuchimba shimo sakafuni.

Mahali palipounguzwa na kaa la jiko, kwangua weusi wote kwa kisu kikali mpaka uone ubao mzima. Shimo likiwa dogo, lijaze kwa unga wa mbao na gundi. Na tangu hapo jiko liwekwe juu ya bamba la bati lenye matofali chini yake, au lisiingie kabisa katika chumba chenye sakafu ya mbao. Moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa umeua watu wengi, na hilo ni kubwa kuliko doa la sakafu.

NYUFA NA MILIO

Nyufa nyembamba kati ya mbao ni za kawaida. Hupanuka wakati wa kiangazi na kufumba wakati wa mvua, kwa hiyo usizijaze kwa saruji wala kwa gundi ngumu. Mbao zikivimba zitasukumana na kuinuka. Ufa ukiwa mpana hata kupitisha sarafu, chonga ukanda mwembamba wa mbao, uupake gundi upande mmoja tu, uusukumize ndani, kisha uusawazishe kwa randa. Upande usio na gundi utaziacha mbao zicheze.

Ubao unaolia ukikanyagwa umeachana na boriti. Tafuta mstari wa misumari ya zamani, ambao huonyesha boriti ilipo. Toboa kwanza kwa keekee, ili ubao mgumu usipasuke, kisha ufunge kwa skrubu, uzamishe kichwa chake chini ya uso wa ubao, na ujaze juu.

KUBADILI UBAO ULIOOZA

Mbao nyingi za sakafu zimeshikana: ubao mmoja una ulimi ubavuni, na wa pili una mfuo wa kuupokea. Kwa hiyo ubao wa katikati hautoki kwa kuvutwa. Fanya hivi:

1. Pima sehemu iliyooza, uongeze mpaka katikati ya boriti iliyo karibu pande zote mbili, ili ubao mpya upate pa kulala.

2. Toboa mashimo kwa mstari katika ncha hizo mbili, ukate kwa patasi, kisha uupasue ubao katikati kwa urefu. Toa vipande vya katikati kwanza, na vya pembeni baadaye, usije ukavunja ndimi na mifuo ya mbao jirani.

3. Ng'oa misumari yote na ufagie. Hapo tena ichunguze boriti.

4. Kata ubao mpya kwa kipimo. Kwa patasi, ondoa mdomo wa chini wa mfuo wake. Sasa uingize ulimi katika mfuo wa jirani, na upande wa pili uushushe mahali pake kwa kugonga polepole juu ya kipande cha mbao.

5. Ufunge kwenye boriti kwa misumari au skrubu, baada ya kutoboa.

Ubao wa kubadilia utautoa wapi? Usikimbilie kununua. Tazama ndani ya kabati la ukutani, chini ya kitanda, au katika chumba cha stoo. Mara nyingi sakafu ya huko ni ya mti ule ule na umri ule ule. Hamisha ubao mzima wa stoo uuweke sebuleni, na stoo upige ubao mpya wa namna nyingine. Ukinunua, nunua mbao zilizokauka, uziache ndani ya chumba hicho majuma mawili kabla ya kuzipigilia.

KUPIGA MSASA SAKAFU NZIMA

Fanya hivi tu ikiwa mikwaruzo imeenea kila mahali. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na kila mara upigapo msasa unapunguza sakafu yako. Juu ya ulimi wa ubao hakuna unene mkubwa. Ukiufikia, ubao umekwisha.

Ikiwa mbao zimejikunja kwa sababu ya maji, ziba kwanza mahali maji yanapotokea, uziache zikauke miezi miwili au mitatu. Nyingi zitanyooka zenyewe kwa kiasi. Ukizisawazisha zikiwa bado na unyevu, zitakapokauka zitakuwa na nundu katikati.

Toa vitu vyote chumbani. Zamisha vichwa vya misumari, vinginevyo vitararua msasa. Ondoa nta ya zamani kwa tapentaini, milango na madirisha yakiwa wazi na pasiwe na moto wo wote karibu. Anza na namba 60, fuata na 80, malizia na 120, wala usiruke namba. Ukikodi mashine, isiache ikizunguka mahali pamoja hata kidogo, kwa maana itachimba shimo. Rangi za zamani za milango na mbao za ukutani mara nyingi zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Hizo usizipige msasa zikiwa kavu, na watoto wakae mbali. Vumbi lenye vanishi lisiwekwe katika banda la kuku wala katika mbolea.

NTA AU VANISHI

Nta hupakwa upesi na kutengenezwa upesi, lakini huhitaji kupakwa mara kwa mara. Mwenye mizinga anaweza kujitengenezea. Yeyusha robo kilo ya nta katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Toa nta nje, mbali kabisa na moto, ndipo umimine lita 1 ya tapentaini huku ukikoroga. Kamwe usiweke tapentaini jikoni. Paka nyembamba, acha ikauke, sugua.

Vanishi hustahimili zaidi katika chumba kinachopitwa na watu wengi. Paka mara 3, ukisugua kidogo kwa msasa namba 220 kila mara ikikauka, na ufute vumbi. Lita 1 hutosha mita za mraba 10 hadi 12 kwa kupaka mara moja. Chumba cha futi 12 kwa 14 ni mita za mraba kama 15 na nusu. Basi kwa kupaka mara 3 utahitaji lita 4 hadi 5. Katika nchi ya baridi ngoja siku nzima au zaidi kati ya kupaka, na usirudishe vitu vizito kabla ya juma moja. Vanishi haishiki juu ya nta, kwa hiyo chagua moja.

Usipake mafuta machafu ya gari ndani ya nyumba. Yanafaa nguzo za ua kwa maoni ya wengi, lakini ndani hunuka, hudhuru ngozi, huwaka, na vanishi haitashika tena juu yake.

TAHADHARI KUBWA

Watu wengine hupaka mafuta ya mbegu za kitani, yanayoitwa linsidi. Ni mazuri, lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo hujipasha moto yenyewe yakirundikwa, na yanaweza kuwaka bila kiberiti baada ya saa chache. Usiyaache pembeni ya chumba hata usiku mmoja. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yatie ndani ya debe la maji. Ni huzuni kutengeneza sakafu mchana na kupoteza nyumba usiku.

KUITUNZA

Weka gunia au mkeka mlangoni, na viatu vya shamba vibaki nje. Fagia kila siku. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, wala usimwage maji. Gonga vipande vya blanketi kuukuu chini ya miguu ya vitanda na meza. Mahindi na viazi viwe ghalani. Kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, fungua matundu ya hewa na utazame kama mchwa wamerudi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ubao mmoja unaotitia leo ni kazi ya asubuhi moja na skrubu chache. Ukiachwa misimu mitatu ya mvua, ni boriti na chumba kizima. Chukua kisu leo jioni, upige magoti chini ya dirisha, udunge ubao. Hapo ndipo utakapojua kazi yako ianzie wapi.